Toka Notre-Dame de la Victoire mpaka Alfajiri: Habari za Shule Moja ya Ibanda



Tumeombwa tuandike kurasa chache juu ya masomo katika mji wetu wa Bukavu. Tungeweza kutaja shule nyingi, maana Kanisa limejenga nyingi. Tumechagua moja tu, Collège Alfajiri ya Mapadri Wajezuiti, kule Ibanda. Si kwa sababu yazipita nyingine zote. Waliosoma penginepo wasituchukie. Ni kwa sababu katika habari zake mtu aona wazi, sawa katika kioo, ulizo moja ambalo Wakristu wa hapa wanaulizana toka zamani: shule ya Kanisa ni ya nani? Ni ya mapadri walioijenga? Ni ya Leta inayoweka programu na kutoa diploma? Ni ya wazazi wanaolipa? Jibu limegeuka mara nyingi, na kila mara lilipogeuka kulikuwa na watoto waliobaki inje.

Wageni wetu wasiojua Bukavu, sherti tuwaonyeshe kwanza mahali. Mji wetu umenyoosha rasi tano ndani ya ziwa Kivu, sawa vidole vya mkono. Upande wa ziwa ni Ibanda, pahali Wazungu walijenga nyumba zao. Nyuma, juu ya mlima, ni Kadutu, na mbali kidogo Bagira, pahali wafanyakazi Weusi walipewa kukaa. Asubuhi watu wa Kadutu walishuka Ibanda kufanya kazi, na jioni walipanda tena kwao. Siku zile mji uliitwa Costermansville, kwa heshima ya Paul Costermans, mkubwa mmoja wa Serikali ya Mfalme Leopold. Jina la Bukavu lilirudi katika miaka ya 1950. Asiyejua mgawanyo huu wa Ibanda na Kadutu hatasikia vizuri habari zinazofuata.

Masomo yalianza katika Bushi mbele ya mji. Mapadri Weupe walifika mwaka 1906, na mwaka 1929 Kivu ikawa Vikarieti, ikachungwa na Askofu Leys. Mwalimu wa kwanza wa wazee wetu hakuwa padri, alikuwa katekista. Twasema hivi bila majivuno, lakini twasema. Chini ya mti ao katika kinyumba cha majani, alifundisha herufi na sala pamoja, na mtoto aliyejua kusoma katekisimu alikuwa amekwisha kujua kusoma. Toka katikati ya miaka ya 1920 Serikali ya Kibelgi ilianza kusaidia shule za misioni kwa feza. Lakini mafundisho yalikuwa na kipimo: kusoma, kuandika, hesabu, shamba, kazi ya mikono. Kijana aliyetaka kupita pale alikuwa na njia mbili tatu tu: shule ya walimu, shule ya makarani, ao Seminari Ndogo. Kwetu, Seminari Ndogo ya Mugeri, karibu na Katana, ndiyo iliyofundisha Kilatini watoto wa wakulima na wachungaji wa ng'ombe. Wengi waliingia, wachache walifika altareni. Wale wengine walirudi kuwa walimu, makarani na makatekista. Watu huwacheka, eti wamepoteza Kilatini chao. Hawakukipoteza, ndicho kilichowafundisha kukaa chini na kusoma kitabu mpaka mwisho.

Basi, mwaka 1938 Mapadri Wajezuiti walifungua collège katika Costermansville. Hawakuwa wageni katika Kongo: toka 1893 walikuwa Kwango, na Kisantu palijulikana sana kwa kazi yao. Lakini Kivu ilikuwa shamba la Mapadri Weupe, na Wajezuiti waliitiwa kazi moja kubwa, kufundisha vijana wa sekondari. Shule ikawekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria, kwa jina la Notre-Dame de la Victoire, Mama Yetu wa Ushindi. Jina hili lilitoka mbali. Baba Mtakatifu Pio wa Tano aliweka sikukuu ile kwa kukumbuka vita vya baharini vya Lepanto, vya tarehe 7 mwezi wa kumi 1571. Leo twaiita sikukuu ya Rozari.

Vijana gani walifundishwa pale? Watoto wa Wazungu: wana wa wakoloni wenye mashamba ya kahawa, ya kina na ya chai, wana wa wakubwa wa Leta na wa wafanyabiashara. Twaandika haya katika kitabu cha Jubilei, na si kwa kumkosea mtu heshima. Ilikuwa ndiyo sheria ya wakati ule katika Kongo nzima, programu mbili kwa rangi mbili. Mapadri walifuata. Wengine kati yao walisikitika, wengine waliona ni jambo la kawaida. Mtoto Mweusi aliyepita mbele ya mlango alisikia kengele sawa na wengine, lakini kengele haikumwita. Baba yake labda alikuwa ndani: mpishi, mfua nguo, mtunza bustani, mlinzi wa usiku. Na matofali ya kuta zile nzuri, kila mtu wa Bukavu ajua ni mabega ya nani yaliyoyabeba kupanda mlima.

Mlango ulifunguka pole pole, kwanza ufa tu. Mwaka 1948 Serikali iligeuza programu, sekondari ya kweli ikaanza kutolewa kwa Waafrika. Mwaka 1954 mambo mawili yalitokea: kule Kimwenza, Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa, na kule Brussels, waziri Auguste Buisseret alianza kufungua shule za Leta zisizo na dini kwa ajili ya Weusi. Vita vya shule vikawaka kati ya Wabelgi wenyewe. Wazee wetu walitazama vita vile kwa mshangao: Wazungu waliokuwa wamesema kwa moja miaka mingi, sasa waligombana mbele ya watu juu ya nani awafundishe. Faida moja ilitoka katika ugomvi ule. Kila upande ulitaka kuonyesha kwamba wapenda Waafrika kuliko mwingine, na katika miaka ile watoto wachache Weusi wakaanza kupokelewa katika shule za Wazungu. Wachache sana, waliochaguliwa kama mbegu, na nyumba zao kuangaliwa kwanza kama ziko safi.

Nyuma ya uhuru, mwaka 1960, Wazungu wengi wakakimbia. Viti vikabaki vitupu, na watoto wa Kongo wakavikalia. Lakini amani haikukaa. Mwezi wa nane 1964 waasi wa Mulele walifika mpaka ndani ya Bukavu, wakasukumwa na askari wa Kanali Léonard Mulamba. Miaka mitatu nyuma, mwezi wa nane 1967, Jean Schramme aliingia na mamluki wake pamoja na wajandarme wa Katanga, wakaushika mji mpaka mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, walipovuka Ruzizi kwenda Cyangugu. Watu walikimbia milimani, nyumba zikavunjwa na kuibwa. Mwezi wa tisa, siku ambayo watoto hufungua kaye mpya, Bukavu ilikuwa mji wa bunduki.

Halafu ikaja Authenticité. Mwezi wa kumi 1971 Kongo ikawa Zaïre, mwaka uliofuata majina ya ubatizo yakakatazwa kwenye karatasi za Leta, na katika upepo ule shule yetu ikaacha jina la Kifaransa ikaitwa Alfajiri. Hapa tusimame kidogo, maana jina hili latufurahisha. Watu walitafuta neno la asili, la mababu. Wakachukua neno la Kiswahili, lililotoka kwa Waarabu, lililoletwa Maniema na Waungwana wa pwani walipofika Nyangwe na Kasongo kwa biashara ya pembe na ya watumwa. Ndiyo lugha yetu Kingwana: ilikuja kwa njia ya machozi, Mapadri Weupe wakaitumia kwa kuhubiri Injili kule Mpala na Kibanga, leo twaungama kwayo. Na neno lenyewe lafaa kabisa. Yeye ambaye Kanisa lamwita Nyota ya Asubuhi hakufukuzwa shuleni. Alibadilishiwa nguo tu. Wa upande wa Chama hawakutambua, ao walitambua wakanyamaza.

Lakini shida kubwa haikuwa jina. Tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 1974 wakubwa wa Chama waliamua kwamba shule zote za dini ziwe mali ya Leta. Mwaka ule ule Noeli ilikuwa imekwisha kuondolewa katika sikukuu za inchi. Somo la dini likatoka katika orodha ya saa, pahali pake likaingia somo la uraia na mafundisho ya Mobutu. Asubuhi watoto walijipanga mbele ya bendera wakaimba na kucheza kwa ajili ya Chama, na kulikuwa na salongo, kazi ya lazima ya mikono. Askofu Mkuu wetu alikuwa Mulindwa, naye pamoja na maaskofu wenzake wa Zaïre walijikuta na shule bila funguo.

Sisi makatekista twakumbuka miaka ile kwa namna nyingine kidogo. Sisi wa kizazi cha sasa hatukuiona, lakini tumeipokea toka midomo ya wazee waliotufundisha kazi. Katekisimu ilipofukuzwa klasini ilirudi nyumbani kwayo, yaani parokiani. Nyuma ya masomo, na siku ya Posho mchana, na Mungu nyuma ya Misa, watoto walikuja na kaye zao wakakaa kwenye mabenchi ya kanisa, ao katika nyumba ya mkubwa wa shirika. Wengi wa walimu waliwafundisha bila franka moja. Palikuwa na mwalimu aliyefundisha Mobutu saa nne na Matayo saa kumi, kwa watoto wale wale. Hakuna aliyemsumbua, kwa sababu mtoto wa mkubwa wa Chama naye alikuwa anatayarisha komunyo ya kwanza. Wazee husema kwamba katika miaka ile mitatu walijifunza jambo ambalo mapadri hawakuwafundisha katika miaka hamsini: kwamba imani ya watoto si kazi ya shule peke yake. Sisi twafikiri wana haki. Mashirika yetu ya leo yalipata nguvu nyingi toka pale.

Leta ilichoka upesi. Kuchunga shule si kama kubandika jina juu ya mlango. Kwataka chaki, mabati, mishahara inayofika, na prefe asiyeuza diploma. Tarehe 26 mwezi wa pili 1977 mapatano yalitiwa sahihi kati ya Leta na makanisa: Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Toka siku ile twasema shule za konvansio. Leta yaweka programu, yaangalia, yalipa walimu, Kanisa laongoza. Hivi ndivyo Mapadri walivyorudishiwa kazi, na somo la dini likarudi pahali pake.

Tuseme kidogo juu ya maisha ya ndani, maana shule si sheria na tarehe tu. Wajezuiti wana namna yao ya kulea, iliyoandikwa toka mwaka 1599 katika kitabu cha Ratio Studiorum, na waliosoma kwao wanajulikana. Wanapenda saa. Kuna wakati wa kunyamaza na wakati wa kupiga kelele, na havichanganywi. Juu ya karatasi ya mtihani mwanafunzi aandika A.M.D.G., kwa utukufu mkubwa zaidi wa Mungu, na mwenye kuandika hivyo aona haya kunakili ya jirani; ao, tuseme ukweli, aona haya kidogo. Kazi ya kuandika yarudishwa na wino mwekundu, na mtoto sherti aianze tena. Michezo ni sehemu ya masomo: mpira, michezo ya kuigiza, kuimba. Kijana afundishwa kusema mbele ya watu bila kutetemeka, na hii ndiyo sababu ukikuta katika mkutano wa wazazi baba mmoja anasimama na kusema "kwanza, pili, tatu", waweza kufikiri bila kukosa alikosoma.

Na vikundi vya vijana. Skauti, Kiro, Lejio ya Maria. Lakini tusisahau Xaveri, maana ni mtoto wa Bukavu: Padri Georges Defour, wa Mapadri Weupe, aliianzisha hapa mwaka 1952, akaipa jina la Mtakatifu Fransisko Xaveri, ambaye alikuwa Mjezuiti. Twaona hapa mashirika mawili ya mapadri yakikopeshana watakatifu, jambo ambalo halikutokea kila siku. Katika Xaveri mtoto wa Ibanda na mtoto wa Kadutu walivaa skafu moja, wakalala katika kambi moja, wakala ugali wa sufuria moja. Kwa watoto wengi mlango ulifunguka pale mbele ya kufunguka klasini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Leta ikaanguka, isipokuwa kwa jina. Mishahara ya walimu ikawa karatasi zisizonunua kilo ya fufu, migomo ikafuatana, na watoto walikaa nyumbani miezi. Ndipo wazazi, pamoja na maaskofu, wakakata shauri: sisi wenyewe tutalipa walimu. Ikaitwa prime. Bila neno hili hakuna shule ya Kikatoliki ingebaki wazi katika Kivu, na aliyelibuni kwa kweli ni mama muuza ndizi wa Kadutu. Sisi tuliosoma katika miaka ile twakumbuka pia upande mwingine. Katika shule tuliyosoma, ambayo hatutaitaja, mtu alipita kila mwanzo wa mwezi na orodha mkononi. Waliosomwa majina walichukua kaye zao wakatoka. Wengine walikuwa wa kwanza katika hesabu. Walisimama chini ya dirisha, wakasikiliza somo toka inje, mpaka mlinzi alipowafukuza.

Katika hali ile ya udhaifu ndipo mwezi wa saba 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka Ruzizi kwa maelfu na maelfu. Walilala barabarani, katika viwanja vya shule na vya parokia, mpaka makambi yalipotengenezwa. Askofu Mkuu wetu mwaka ule alikuwa Christophe Munzihirwa, mwana wa Bushi, padri wa jimbo aliyeingia Ujezuiti mwaka 1963, akawa Provinsiali, halafu Askofu wa Kasongo. Ukitaka kujua malezi tuliyosema hapo juu yanazaa mtu gani, tazama yeye. Alivaa nguo rahisi, aliandika barua zisizoogopa mtu, alibaki mjini wakuu wengine walipokimbia. Tarehe 29 mwezi wa kumi 1996, askari walipoingia Bukavu, aliuawa pale Nyawera. Siku mbili nyuma, tarehe 31, Mabruda wanne Wamarista toka Hispania waliuawa katika kambi ya Nyamirangwe, upande wa Bugobe: Servando, Miguel Ángel, Fernando na Julio. Kazi yao ilikuwa kufundisha watoto wa wakimbizi. Walikuwa na njia ya kuondoka, wakakataa kuwaacha wanafunzi wao.

Toka pale vita havikutuacha muda mrefu: 1998, 2004, na tena katikati ya mwezi wa pili 2025, M23 ilipoingia mjini na masomo yakasimama. Mwezi wa pili 2008 hata ardhi yenyewe ilitetemeka na kupasua kuta za shule na za makanisa. Kila mara kengele ilirudi kulia. Hatutaeleza kila moja. Wasomaji wetu waliyaona kwa macho yao.

Turudi kwa ulizo letu. Katiba ya mwaka 2006 yasema masomo ya msingi ni ya bure katika shule za Leta, na toka mwezi wa tisa 2019 amri hii ilianza kufuatwa, hata katika shule za konvansio. Wazazi walifurahi, klasi zikajaa kupita kipimo. Lakini sekondari haimo. Pale minerivali na prime zabaki, na katika shule nzuri za Ibanda ni nzito. Hatuwalaumu viongozi, twajua bei ya mabati na ya umeme, na twajua mwalimu naye ana watoto. Hata hivi, mbele ya Mapadri wageni walio hapa, twasema lililo rohoni mwetu. Mwaka 1938 mtoto wa Kadutu alibaki inje kwa sababu ya ngozi yake. Sasa mwenzake, mwenye kichwa chepesi, abaki inje kwa sababu baba yake asukuma mkokoteni. Sheria ya kwanza ilitoka Brussels na hatukuwa na sauti. Hii ya pili yafanywa na sisi, katika mikutano yetu ya wazazi, kwa kuinua mikono.

Kuna mashirika ambayo yamekwisha kuanza: nyumba kumi ao kumi na tano zaweka kidogo kidogo kila Mungu, na mwezi wa tisa zalipia mtoto mmoja, mayatima kwanza. Ni kidogo. Kamati ya parokia yaweza kuuliza kila shule ya Kikatoliki iliyo karibu itoe viti vichache kwa ajili ya watoto hawa, shirika likilipa nusu. Jambo hili lazungumzwa katika mikutano ya mashirika, na twaomba lifike katika meza ya Baraza la parokia mbele ya mwaka mpya wa masomo kufunguliwa.

Tena twaomba wazee. Mlio na picha za zamani za collège, biletini, kaye, vitabu vya sala vya miaka ile, msiviache viliwe na mende. Mlio na baba ao babu aliyekuwa mwashi, mpishi, sentineli ao mfua nguo kule Notre-Dame de la Victoire, leteni jina lake kwa katekista wa mtaa wenu, pamoja na kijiji alikotoka na miaka aliyofanya kazi. Twataka kuyaandika majina yale katika daftari moja, na kuyasoma siku ya Misa ya marehemu, mwezi wa kumi na moja.